Maswali ya wabunge kwa mawaziri: Nani ajibu mfereji ukikauka Kangemi?

MKAZI wa Kangemi ambaye mfereji wake haujatoa tone la maji kwa wiki mbili, au wa Kawangware ambaye majitaka yanapita mlangoni pake, hutarajia mbunge wake asimame Bungeni na kumtaka waziri anayehusika aeleze. Matarajio hayo yana historia ndefu. Kwa nusu karne, tangu uhuru mnamo 1963 hadi mapema 2013, mawaziri wa Kenya walikuwa wabunge, na kipindi cha maswali kilikuwa miongoni mwa nafasi chache ambapo mwananchi angesikia serikali ikitakiwa kujieleza hadharani.

Hata hivyo, historia ya katikati ya jiji la Nairobi na viunga vyake vya magharibi yaonyesha kwamba swali huhitaji mambo mawili ili lizae matunda: mtu aliye huru kuliuliza, na mtu mwenye mamlaka ya kulijibu. Kuna nyakati wakazi wa maeneo hayo walikosa la kwanza. Siku hizi aghalabu hukosa la pili.

Jinsi swali lilivyoulizwa

Chini ya utaratibu wa zamani, mbunge aliandika swali lake na kulikabidhi kwa Karani wa Bunge. Spika alipolikubali, lilipelekwa kwa wizara husika na kuchapishwa katika ratiba ya shughuli za siku. Maswali mengi yalifuata muundo mmoja. Sehemu ya kwanza ilimwuliza waziri iwapo anafahamu kuwa kuna tatizo fulani mahali fulani. Ya pili ilitaka kujua chanzo chake. Na ya mwisho iliuliza ni hatua gani atakazochukua na lini.

Jambo lililohitaji kushughulikiwa upesi liliulizwa kwa njia ya swali la dharura, ambalo halikusubiri foleni ndefu. Waziri alipokwisha kusoma jibu lake, wabunge wengine waliruhusiwa kuuliza maswali ya nyongeza. Aghalabu hapo ndipo ukweli ulipojitokeza, kwa kuwa jibu la kwanza lilikuwa limeandikwa na maafisa wa wizara, ilhali la nyongeza lilimtegemea waziri mwenyewe.

Mbunge alikuwa na hiari ya kuuliza kwa Kiingereza au Kiswahili, lugha ambayo ilianza kutumika Bungeni miaka ya 1970. Kanuni ilimtaka anayeanza kwa lugha moja amalize kwa lugha iyo hiyo.

Bunge la Kumi, lililoanza 2008 chini ya Spika Kenneth Marende, liliimarisha utaratibu huo. Shughuli zake zilianza kupeperushwa moja kwa moja redioni na kwenye televisheni. Waziri Mkuu naye alitengewa muda wa kujibu maswali kila Jumatano. Aidha, iliundwa Kamati ya Utekelezaji ili kufuatilia ahadi ambazo mawaziri walitoa wakijibu maswali.

Viunga visivyo na mwulizaji

Bunge hilo hilo ndilo lililodhihirisha udhaifu wa utaratibu huo. Serikali ya muungano iliyoundwa Aprili 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, ilikuwa na mawaziri wapatao 40 na mawaziri wasaidizi zaidi ya 50, katika Bunge la wabunge 222. Kulingana na desturi ya uwajibikaji wa pamoja, waziri hamhoji waziri mwenzake hadharani. Kazi ya kuuliza maswali huachiwa wabunge wasio na nyadhifa serikalini.

Tuyatazame maeneobunge manne ya Nairobi ya wakati huo. Mbunge wa Westlands, Fred Gumo, ambaye eneo lake lilijumuisha Kangemi na Parklands, alikuwa Waziri wa Mamlaka za Ustawi wa Maeneo. Mbunge wa Dagoretti, Beth Mugo, aliyewakilisha Kawangware, Riruta na Waithaka, alikuwa Waziri wa Afya ya Umma na Usafi. Raila Odinga, Mbunge wa Lang'ata iliyojumuisha Kibera na Karen, alikuwa Waziri Mkuu. Margaret Wanjiru wa Starehe, eneo lililobeba katikati ya jiji, aliteuliwa Waziri Msaidizi wa Nyumba.

Kwa hivyo, ukitoka barabara ya Moi Avenue ukaelekea magharibi hadi mpaka wa jiji, ulipita katika maeneo ambayo wabunge wake wote walikuwa upande wa kujibu. Si kwamba wakazi hawakuwa na wakilishi wenye ushawishi. Huenda waziri alipata mengi kwa kuzungumza na mwenzake faraghani. Lakini mazungumzo ya faragha hayaingii katika kumbukumbu rasmi za Bunge, wala hayampi mwananchi tarehe ya kumkumbusha waziri ahadi yake.

Fauka ya hayo, huduma za jiji zilikuwa mikononi mwa Baraza la Jiji la Nairobi, lililosimamiwa na Wizara ya Serikali za Mitaa. Waziri wa wizara hiyo aliweza kuulizwa kuhusu taka, soko au taa za barabarani, naye akatakiwa kujibu kwa niaba ya baraza. Mlolongo huo ulikuwa mrefu, ila mwisho wake ulijulikana.

Katiba yabadilisha mambo

Katiba iliyozinduliwa Agosti 27, 2010 ilivunja mpangilio huo baada ya uchaguzi wa Machi 4, 2013. Kifungu cha 152 chasema kwamba waziri hawezi kuwa mbunge. Kifungu cha 153 nacho kinamlazimu kufika mbele ya kamati ya Bunge la Taifa au ya Seneti anapotakiwa, na kujibu swali lolote kuhusu jambo lililo chini ya wizara yake.

Kwa njia hii, tatizo la wabunge kuzibwa midomo na nyadhifa za uwaziri liliondoka. Vilevile Nairobi iligawanywa upya, ikatoka maeneobunge manane hadi 17. Dagoretti ikawa mbili, Kaskazini na Kusini, nayo Kibra ikatengwa na Lang'ata.

Lakini mawaziri nao walitoweka ukumbini. Katika miaka ya kwanza baada ya 2013, mbunge aliomba taarifa, na mwenyekiti wa kamati ndiye aliyeisoma kwa niaba ya wizara. Alipoulizwa swali la nyongeza, mara nyingi hakuwa na la kusema zaidi ya karatasi aliyopewa. Baadaye kanuni zilirekebishwa ili mawaziri wajibu maswali mbele ya kamati.

Mnamo Desemba 2022 Rais William Ruto aliwaandikia maspika wa mabunge yote mawili akipendekeza mawaziri waruhusiwe kufika ukumbini. Kanuni zilibadilishwa, na kuanzia 2023 mawaziri wakaanza kusimama tena mbele ya wabunge na maseneta kujibu maswali, safari hii wakiwa wageni wasio na kura.

Nchini Tanzania mambo hayakubadilika hivyo. Huko mawaziri wangali wabunge, na maswali na majibu hufungua vikao vya asubuhi mjini Dodoma.

Swali halali, mlango usio wake

Tatizo jipya latokana na ugatuzi. Jedwali la Nne la Katiba liliikabidhi kaunti huduma za maji na usafi, uzoaji taka, zahanati na hospitali za kaunti, barabara za mitaani, taa za barabarani, maegesho, masoko, uzimaji moto na elimu ya chekechea. Serikali ya kitaifa ilibaki na polisi, shule za msingi na za sekondari, hospitali kuu za rufaa kama ile ya Kenyatta, na barabara kuu kama vile Waiyaki Way.

Hivyo basi, mbunge akimwuliza Waziri wa Maji kuhusu mfereji uliokauka Kangemi, waziri aweza kueleza kuhusu mabwawa na mabomba makubwa. Usambazaji wa maji majumbani ni kazi ya Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, ambayo ni ya kaunti. Waziri hasemi uongo anaposema si kazi yake, lakini mkazi hubaki na ndoo tupu.

Mkanganyiko huo ulizidi Februari 2020, Gavana Mike Sonko alipotia saini mkataba wa kuhamisha afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji kwa serikali ya kitaifa. Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, iliendesha kazi hizo chini ya Meja Jenerali Mohamed Badi hadi 2022. Kwa muda huo, kazi ambazo Katiba inazitaja kuwa za kaunti ziliendeshwa na afisa ambaye hakuchaguliwa na wakazi.

Mahali pa kupeleka swali

Kwa huduma za kaunti, mwenye jukumu la kwanza la kuhoji ni diwani wa wadi. Bunge la Kaunti ya Nairobi lina wadi 85, na kamati zake zina uwezo wa kuwaita mawaziri wa kaunti kujibu maswali. Huketi City Hall, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka majengo ya Bunge. Seneti nayo hufuatilia matumizi ya fedha zinazotumwa kwa kaunti, na kamati yake ya hesabu huwahoji magavana.

Kwa huduma za kitaifa, mbunge angali na nguvu. Kifungu cha 125 kinazipa kamati za Bunge uwezo sawa na wa Mahakama Kuu wa kumwita shahidi na kumtaka alete stakabadhi. Waziri aliyekiuka sheria au kufanya utovu mkubwa wa nidhamu aweza kupendekezewa kufutwa, iwapo robo ya wabunge wote wataunga mkono hoja. Njia hiyo ni ngumu: Mei 2024 kamati ya wabunge 11 iliamua kuwa madai dhidi ya Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, kuhusu mbolea ghushi, hayakuthibitishwa.

Aidha, kifungu cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha malalamishi yake Bungeni mwenyewe, bila kusubiri mbunge wake apate nafasi ya kuuliza.

Kabla ya kulalamika kwamba mbunge amenyamaza, ni vyema mkazi aulize kwanza huduma anayoikosa iko chini ya nani. Kisha amtake mwakilishi anayefaa aweke swali kwa maandishi, lenye mahali, tarehe na jina la afisi inayopaswa kujibu. Swali la namna hiyo ni vigumu kulikwepa, na jibu lake huweza kusomwa tena mwaka unaofuata, mfereji ukiwa bado mkavu.