Mashine ya kuigiza sauti na ampli ya lampu (Butembo na Beni)

Mashine ya kuigiza sauti ni chombo cha kidijitali, aghalabu chenye vibonyezo vya kukanyagia kwa mguu, ambacho hupokea mawimbi ya gitaa la umeme, huyageuza kuwa tarakimu, kisha huyarejesha yakiwa yamevikwa mwangwi, mtetemo, ukali, au hata tabia ya ampli na spika fulani mashuhuri. Ampli ya lampu hukuza mawimbi hayo kwa njia kongwe zaidi, yaani kwa lampu za kioo zilizotolewa hewa. Makala haya yaeleza jinsi viwili hivyo vinavyotumika pamoja, na hasa yale yanayompasa mpigaji gitaa wa Butembo na Beni, miji miwili ya Kivu Kaskazini, nchini Kongo, iliyo kwenye barabara ya taifa namba 2, ambako gitaa ni chombo cha baa, cha harusi na cha kwaya za makanisa kwa wakati mmoja.

Asili

Lampu ya kukuza mawimbi ilibuniwa na Mmarekani Lee de Forest mwaka 1906. Transista iliyozuka mwaka 1947 hatimaye iliziondoa lampu katika redio, lakini wapigaji gitaa hawakuziacha, kwa sababu lampu ikizidiwa hupinda vilele vya mawimbi taratibu, na sauti huvunjika kwa utamu usiochoma sikio. Utamu huo ndio ambao wahandisi walijitahidi kuuiga kwa hesabu: Roland ya Japani ilitoa VG-8 mwaka 1995, Line 6 ya Kalifornia ikatoa ampli ya AxSys 212 mwaka 1996 na POD mwaka 1998, zikafuata Axe-Fx ya Fractal (2006), Profiler ya Kemper (2011) na Helix ya Line 6 (2015).

Namna ya kuunganisha

Kanuni iliyo mama wa kanuni zote ni kwamba mashine iige kile tu ambacho ampli haina. Ampli ya lampu tayari ni ampli, na spika yake tayari ni spika. Basi mpigaji akiiacha mashine iigize ampli ya pili na kasha la spika la pili mbele ya zile halisi, sauti hutoka nzito, yenye ukungu, iliyokatwa mawimbi ya juu, kama mchuzi uliotiwa chumvi na wapishi wawili wasioulizana. Jambo la kwanza, kwa hiyo, ni kuzima uigaji wa ampli na wa spika katika kila sauti iliyohifadhiwa ndani ya mashine.

Njia nyepesi ni kuiweka mashine baina ya gitaa na ingizo la ampli. Njia hii yatosha kabisa maadamu ampli inapigwa kwa sauti safi. Lakini ampli ikikazwa hadi sauti yake ikavunjika, mwangwi uliotangulia mbele nao huvunjwa pamoja na noti, na maneno ya gitaa hayasikiki tena. Kwa sababu hiyo ampli nyingi zina matundu mawili nyuma, la kutolea mawimbi na la kurudishia, yaliyo baina ya sehemu ya kwanza ya ampli, inayotengeneza tabia ya sauti, na sehemu ya pili, inayoipa nguvu. Mwangwi na vumo la ukumbi huwekwa hapo.

Mashine iliyo na matundu yake ya kutolea na kurudishia huruhusu njia ya nyaya nne, iliyo bora kuliko zote: waya wa kwanza hutoka gitaa kwenda ingizo la mashine, wa pili hutoka tundu la kutolea la mashine kwenda ingizo la ampli, wa tatu hutoka tundu la kutolea la ampli kwenda tundu la kurudishia la mashine, na wa nne hutoka towe la mashine kwenda tundu la kurudishia la ampli. Hapo ukali na mgandamizo hukaa mbele, mwangwi hukaa nyuma, na lampu hufanya kazi yake katikati bila kuingiliwa. Kiwango cha mawimbi hakina budi kulinganishwa, kwa kuwa kile cha vyombo vya studio, kikiingizwa mahali panapotarajia kile cha gitaa, huzidisha nguvu na kelele.

Makanisani, ambako sauti ya gitaa hupelekwa pia kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, uigaji wa spika huwashwa katika waya wa mikisa peke yake. Hata hivyo ampli ya lampu haiwashwi kamwe bila spika yake kuunganishwa, maana transfoma ya towe huweza kuungua.

Umeme

Butembo na Beni hazikuunganishwa na mtandao wa umeme unaolishwa na bwawa la Inga. Umeme hutoka kwa jenereta, kwa sahani za jua na kwa mitambo midogo ya maji, mfano ule wa Mutwanga, wilayani Beni, uliojengwa na Hifadhi ya Virunga na kuanza kazi mwaka 2013. Jenereta ikiishiwa mafuta au ikizidiwa mzigo, volti 220 huweza kushuka hadi 180. Nyuzi za lampu zinazotaka volti 6.3 hubaki na takriban 5.2, chini ya kiwango chao salama, na sauti hulegea. Mashine ya kidijitali haina hata ulegevu huo: huweza kujizima na kujiwasha upya katikati ya wimbo. Stabilaiza ni lazima kwa vyote viwili, na jenereta iachwe itulie kabla ya kuchomeka chombo.

Lampu za akiba

Lampu hutengenezwa na viwanda vichache, vikiwamo vya Slovakia, Urusi na China. Lampu za nguvu hubadilishwa kwa jozi, na kwa mkono wa fundi, kwani volti zaidi ya 400 huweza kubaki ndani ya ampli hata baada ya kuchomolewa.

Katika muziki wa Kongo

Gitaa la Kongo, tangu wapigaji Docteur Nico na Franco Luambo Makiadi (1938–1989), huyu wa pili mmoja wa waanzilishi wa bendi ya OK Jazz mwaka 1956, limeipenda sauti safi inayong'aa. Sehemu zake za solo, mi-solo na akompa hufumana, na kila moja lazima isikike peke yake. Ndiyo maana ampli ya lampu isiyokazwa sana, ikiongezewa mwangwi mfupi, huufaa sana muziki huu. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika una milisekunde 500 kwa kila pigo. Mwangwi uliopimwa kwa nusu ya hizo, 250, hujibu kila noti ya sebene, sehemu ya wimbo inayotawaliwa na gitaa, kwa kufuata mdundo.

Hali ya sasa

Mashine za kuigiza zimekuwa nyepesi na rahisi zaidi kubebwa kuliko ampli za lampu, na wengi huziunganisha moja kwa moja na mikisa. Lakini palipo na ampli nzima na umeme uliotulia, viwili pamoja hutoa sauti bora kuliko kimoja kimoja.