Habari za Mbuyu

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akiisha kupita Kibwezi, huanza kuiona mibuyu. Kwanza mmoja mmoja, kisha kila upande: mashina manene ya rangi ya kijivu, na juu yake matawi mafupi ambayo kwa miezi mingi ya mwaka hayana jani hata moja. Yamkini wewe msomaji umeipita mara nyingi hata huigeuzii macho tena. Leo nakuomba uigeuzie macho, kwani liko swali ambalo mtu apendaye historia hawezi kuliacha. Mti huu ni mnene kuliko miti yote ya kwetu. Ni watu wachache sana waliopata kuupanda. Nao umesimama kati ya mashamba na miji kwa mamia ya miaka, mahali palipo na shoka na moto. Umeponaje?

Jibu la kwanza ni jepesi. Mbuyu haufai kwa mbao. Ukiupiga shoka utaona kwamba ndani yake mna nyuzinyuzi na maji tu. Seremala hapati ubao, wala mchoma makaa hapati makaa ya maana. Mivule na mibambakofi iliangushwa ikawa milango na majahazi, na mbuyu ukaachwa ulipo. Adui wake mkubwa alikuwa tembo, ambaye wakati wa ukame huumenya gome na kuutafuna mti wenyewe apate maji. Huko Tsavo, katika miaka ya 1960 na 1970, mibuyu mingi iliangamia hivyo.

Lakini usidhani kwamba mti usiotoa mbao hautoi kitu. Pasua buyu, nawe utakuta unga mweupe mkavu, mchachu, umezishika mbegu. Huo ndio ubuyu. Ukikorogwa katika maji huwa kinywaji, na wataalamu wa lishe wameupima wakaona una vitamini C kwa wingi. Akina mama wa Mombasa huzipika mbegu hizo pamoja na sukari, iliki na rangi nyekundu, na mtoto aliyekula hawezi kukana, maana ulimi wake ni shahidi. Majani machanga ni mboga. Kaka la tunda ni chombo cha kuchotea maji. Wakamba, ambao huuita mti huu mwamba (na kwa unene wake jina hilo lingeufaa hata kwa Kiswahili), waliambua gome lake, wakasokota nyuzi, na wanawake wao wakasuka vyondo vilivyodumu miaka mingi. Walipigilia pia vigingi katika shina, kimoja juu ya kingine, wapate kupanda hadi kwenye asali. Mti mwingine ukiambuliwa gome pande zote hufa. Mbuyu huota jingine. Angalia basi jambo hili: kila faida niliyoitaja hupatikana kwa mti ulio hai. Hapakuwa na mtu aliyehitaji kuuangusha ili afaidi.

Na kwa kuwa watu walikula mabuyu na kutupa mbegu karibu na makao yao, mibuyu ikaota walikokaa watu. Ndiyo sababu mchimbuaji wa mambo ya kale akiona kundi la mibuyu mikubwa hujiuliza kama hapo palikuwa na mji. Nenda Jumba la Mtwana, kaskazini ya Mombasa, mji uliojengwa katika karne ya 14 ukahamwa katika karne iliyofuata. Wenyeji wake hawapo, paa za nyumba hazipo, lakini mibuyu ipo. Mombasa penyewe, kando ya bahari kwenye barabara ya Mama Ngina, watu hupunga upepo chini ya mibuyu ambayo wengi wao hawaulizi imefikaje pale.

Mbegu hizo zilivuka bahari pia. Mwaka 2015 wataalamu walichapisha uchunguzi wa nasaba ya mibuyu iliyoko Bara Hindi, wakaona kwamba mbegu zake zilitoka Afrika, tena si kwa safari moja. Ziliwafuata wafanyabiashara, na Waafrika waliopelekwa huko kuwa askari na watumwa. Majina ya wengi wa watu hao hayakuandikwa popote, ila mibuyu imesimama kule.

Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hakutuandikia habari za mibuyu ya Pwani, jambo linalonisikitisha kidogo. Lakini mwaka 1352, alipokuwa njiani kwenda Mali, aliandika habari za miti mikubwa yenye uvungu. Mingine ilijaa maji ya mvua, wapita njia wakanywa kama kisimani. Na ndani ya mmoja alimkuta mfumaji ameweka kitanda chake cha mfumi, anafuma. Wengi wanaosoma habari hiyo huamini kwamba miti ile ilikuwa mibuyu.

Sasa nije kwenye hofu, maana nayo ni sehemu ya jibu. Umesikia bila shaka kwamba Mungu aliupanda mbuyu kichwa chini, mizizi juu. Hadithi hiyo husimuliwa karibu kila nchi ya Afrika uotamo mti huu. Pwani iliongezwa nyingine, kwamba mbuyu ni nyumba ya pepo. Watu walifunga vitambaa katika matawi yake, wakanyunyiza marashi ya waridi, wakachoma ubani, na watoto wakaonywa wasicheze chini yake jioni. Asili ya hofu hiyo naidhania hivi. Ua la mbuyu hufunguka machweo, jeupe, lenye harufu nzito. Popo huja usiku kunywa utamu wake, na kesho yake ua limesinyaa na kuanguka. Mtu apitaye peke yake gizani, akasikia mabawa na milio juu ya mti mtupu, atasema nini? Hata msemo wa siku hizi wa kuzunguka mbuyu, yaani kutoa hongo, nauona ni mtoto wa kivuli kile kile: nyuma ya shina nene kiasi hicho hakuna awaonaye.

Mimi siamini pepo, wala sikufundishi kuamini. Nakuomba tu usicheke upesi. Pale ambapo hapakuwa na askari wa misitu, kile kitambaa chekundu kilifanya kazi yake.

Mwezi wa Novemba 2022 habari za mbuyu zilijaa magazetini. Katika Kaunti ya Kilifi mibuyu minane mikubwa ilikuwa imenunuliwa katika mashamba ya watu na kung'olewa kwa mitambo, mizizi na yote, ili isafirishwe mpaka nchi ya Georgia, ikapandwe katika bustani. Rais akaagiza ichunguzwe kama shughuli hiyo ilikuwa na kibali kilicho halali. Usiharakishe kuwalaumu waliouza. Mbuyu mmoja hufunika mahali pa mahindi mengi, na karo ya shule haingoji. Ila tazama kilichobadilika. Ubovu wa mbao zake, uliouokoa mti huu zamani zote, haukuwa kinga tena, kwa kuwa mnunuzi huyu hakutaka mbao, wala ubuyu, wala kamba. Alitaka mti mzima.

Baada ya hayo niliwapeleka wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kuutazama mbuyu mmoja usio mbali na Kilifi. Tuliuzungushia mikono, tukawa watu tisa, na bado pakabaki pengo. Mwanafunzi mmoja, kijana wa huko huko, alikataa katakata kushika shina, na sikumlazimisha. Tulipokuwa tukinyosha kamba ili tupate kipimo cha hakika, bibi mmoja mzee alitoka katika nyumba ya jirani akatujia. Tukamwamkia, akaitikia, kisha akatuuliza:

“Wajukuu zangu, mmekuja kuununua?”

“La, bibi,” nikamjibu. “Tumekuja kuupima tu.”

“Hata wale walianza kwa kupima,” akasema. Akaketi juu ya mzizi, akatungoja mpaka tumalize.