Uvimbe wa Ubongo: Jina Moja, Mambo Mawili

Neno la Kilatini *tumor* lina maana ya kuvimba tu, kwa hiyo aliyelifasiri kuwa "uvimbe" hakukosea. Kasoro inajitokeza hospitalini, ambako neno hilohilo hubeba mambo mawili: seli zinazozaana ovyo, na maji yanayojaa kandokando yake hadi ubongo ukabanwa na fuvu. Mara nyingi mchanganyiko huu hauna madhara makubwa. Katika limfoma ya ubongo, yaani saratani ya seli za kinga, unayo. Ugonjwa huu adimu huwapata zaidi waliovuka miaka 60, na kwa kuwa huanza kwa kuchanganyikiwa, kubadilika tabia au kulegea upande mmoja, hudhaniwa ni uzee au kiharusi. Picha ya MRI huonyesha donge, lakini haitoshi kulitaja jina. Kwa kawaida sharti kichukuliwe kinyama kwa sindano ipitayo kwenye fuvu, kikapimwe kwa darubini. Jina ndilo linaloamua tiba, kwani uvimbe uitwao glioblastoma hukatwa kadiri inavyowezekana, ilhali limfoma hutibiwa hasa kwa dawa ya methotreksati ya dozi kubwa. Sasa mgonjwa akipewa deksamethasoni kabla ya sindano, dawa hupunguza maji na pia huua seli za limfoma zenyewe. Donge linaweza kutoweka pichani kwa muda, na kinyama kisionyeshe kitu, kisha ugonjwa ukarudi. Ndiyo maana madaktari huizuia dawa hiyo hadi kinyama kipatikane, isipokuwa maisha yakiwa hatarini.

Mzee aliyekwisha kuipata dawa hiyo huamka, akala, akawatambua wajukuu. Wanawe wakiambiwa "uvimbe umepungua", watauliza, kwa haki kabisa, fuvu linatobolewa kwa nini. Atakayesema madaktari wanajua tofauti asisahau kwamba idhini ya upasuaji hutolewa na mgonjwa au jamaa zake, si na daktari. Wapo watakaotaka tuseme "saratani", lakini si kila uvimbe wa ubongo ni saratani. Meninjioma nyingi si saratani. Wengine watapendekeza kutohoa neno la kigeni. Hilo litampa mgonjwa sauti isiyo na maana, na Kilatini chenyewe hakikutenganisha mambo haya. Kiswahili tayari kina njia: nomino ibaki kwa kitu, kitenzi kwa hali. Daktari na awaambie hivi: "Maji yamepungua, ubongo wa mzee haujavimba kama mwanzo, uvimbe wenyewe bado hatujaujua."