Namba za Ubavuni: Historia ya Tairi Njia ya Rusumo

Simama Nyakanazi, pale barabara ya Kahama inapoachana na ile ya Kibondo, uangalie magurudumu badala ya magari. Inapita Land Cruiser kuukuu yenye tairi nyembamba za 7.50R16. Inafuata semi ya mzigo wa Kigali au Bujumbura, tairi 12R22.5. Kisha mchomoko, Noah iliyojaa watu hadi mlangoni, imevaa rimu za aloi za inchi 17 ambazo kiwanda hakikuifungia. Ukubwa wa tairi mbili za kwanza ulitokana na barabara za wakati wake. Ule wa Noah umetokana na macho ya mwenye gari.

Wajerumani walipojenga boma la Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, mizigo ilikwenda vichwani mwa wapagazi. Tairi ya upepo ilikuwa bado changa. John Boyd Dunlop alipata hataza yake mwaka 1888 akiwa Belfast, tena kwa ajili ya baiskeli. Agosti 1907 luteni Paul Graetz alitoka Dar es Salaam kwa motokaa, akafika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, Mei 1909. Motokaa yake ilipewa magurudumu makubwa ili tumbo lipite juu ya visiki na mawe. Hakupita mkoa huu wa Kagera, lakini kanuni yake ilitawala huku kwa miongo mingi: gurudumu refu, tairi nyembamba, ubavu mrefu wa mpira wa kumeza mawe.

7.50 ilizaliwa na kanuni hiyo. Upana inchi saba na nusu, rimu inchi 16, basi. Hakuna asilimia wala milimita. Ikisimama ina urefu wa sentimita 80 hivi. Wilaya ya Ngara iliizoea hasa kuanzia mwisho wa Aprili 1994, pale watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama saa 24. Kambi yao kubwa ikaitwa Benaco, jina la kampuni ya ujenzi wa barabara iliyowahi kupiga kambi hapo. Magari meupe ya mashirika ya misaada yakafuata, na nyuma yake malori ya chakula. Lami ya Rusumo ilikuwapo, ila kuzunguka ndani ya kambi kama Lumasi na Lukole kulikuwa kwa udongo, na mvua ikinyesha, yenye tairi ndefu ndiyo iliyotoka.

Malori yana kisa chake. Lori la zamani lilivaa 10.00-20 au 11.00-20, tyubu ndani, na rimu ya vipande inayoshikwa kwa pete ya chuma. Pete isipokaa sawasawa wakati wa kujaza upepo hufyatuka, na imeua mafundi nchi nyingi. Ndiyo maana fundi mwenye busara huitia tairi kwenye kizimba au huizungushia mnyororo kwanza. Rimu ya kipande kimoja isiyohitaji tyubu, ya inchi 22.5, ilianza kuenea Marekani miaka ya 1950. Hapa wengi huchanganyikiwa. 12R22.5 ina rimu kubwa kuliko 11.00R20, lakini ukizisimamisha pamoja zinalingana urefu, takriban mita 1.08. Rimu imeongezeka, ubavu umepungua. Hesabu hiyo hiyo ndiyo anayopaswa kuifanya mwenye Noah.

Kwa muda mrefu hapakuwa na cha kuchagua. Kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichoanzishwa 1969 kwa ubia wa serikali na Wamarekani, kilitoa tairi, na mwenye gari alifunga alichopata. Kashata zikiisha, tairi za nyuzi za nailoni zilikatwa katambuga. Za leo zenye waya ni taabu kuzikata. Kiwanda kilisimama kabla ya muongo wa 2000 kuisha, na kufikia hapo biashara huria ilikuwa imeshaleta mitumba ya Japani, mingi ikiwa na rimu za aloi. Aloi yenyewe si ngeni: Bugatti ilipeleka Type 35 kwenye mashindano ya Lyon mwaka 1924 ikiwa na magurudumu ya alumini. Wao walitafuta wepesi. Sisi tunatafuta mng'ao, tusifichane.

Lami ya Kagoma, Biharamulo hadi Lusahunga, kilomita 154, ilipokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2010, mng'ao huo ukapata uwanja. Tairi ya Noah iliyoanza kutoka 2001 ni 195/65R15: upana milimita 195, ubavu asilimia 65 ya upana huo, yaani 127, rimu inchi 15. Kipenyo chote milimita 634.5. Ukifunga 215/45R17 unapata 625. Tofauti haifiki asilimia 2. Wengine hubaki na rimu ya 15 wakafunga 205/70 ili gari linyanyuke. Kipenyo kinafika 668, gari linapanda milimita 17 tu, lakini dashibodi ikisoma 50 unakimbia karibu 53, na tochi ya trafiki haisomi dashibodi. Likipakia, tairi inaweza kukwangua madigadi.

Kinachosahaulika ni namba ndogo inayofuata. 195/65R15 ya kawaida huandikwa 91, maana yake hubeba kilo 615. 215/45R17 ya kawaida huandikwa 87, kilo 545. Kwa tairi nne umepoteza kilo 280, katika gari ambalo abiria wanne hubanwa kiti cha watatu na mikungu ya ndizi ikawekwa juu. Tena ubavu umebaki milimita 97. Malori yameitafuna lami ya Lusahunga hadi Rusumo kwa miaka, na shimo ambalo 195/65 hulimeza, rimu ya 17 hulipokea yenyewe. Ya chuma ikipinda, fundi huinyoosha kwa nyundo. Aloi hupasuka, na kuichomelea hudhoofisha ugumu ilioupata kiwandani.

Zipo 215/45R17 zilizoongezewa nguvu, zenye 91 na herufi XL, zinazobeba kilo 615 zile zile zikijazwa upepo zaidi. Mwenye mchomoko asiyetaka kuachana na aloi zake aulizie hizo, na akizikosa, arudi kwenye 15.