Nani Anashika Daftari? Historia Fupi ya Mifumo ya Taarifa katika Makampuni

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia ni nani alishike daftari hilo, wala mnyonge afanye nini pale daftari linapodanganya. Siku hizi kila kundi la makampuni, na kila wizara, linahimizwa kuunganisha hesabu zake zote katika mfumo mmoja wa taarifa, na mijadala yetu huishia kwenye bei ya mitambo na kasi ya intaneti. Hoja yangu ni kwamba mfumo wa namna hiyo ni suala la mamlaka kwanza, na historia inalithibitisha hilo.

Tuanzie London, kwa wauza chai. Kampuni ya J. Lyons ilifungua mkahawa wake wa kwanza katika mtaa wa Piccadilly mwaka 1894, kisha ikakua kuwa kundi kubwa lenye viwanda vya mikate na keki, biashara ya majani ya chai na mikahawa mingi katika miji ya Uingereza. Faida katika kikombe kimoja ilikuwa ndogo mno, lakini kila kikombe kilizaa karatasi: stakabadhi, oda, hesabu za mishahara. Karatasi hizo zilihitaji jeshi la makarani. John Simmons, mwanahisabati aliyeajiriwa mwaka 1923, alitambua mapema kwamba kampuni kubwa kiasi hicho haiwezi kujijua bila kuipanga upya kazi ya ofisi zake.

Mwaka 1947 Lyons iliwatuma maofisa wawili Marekani kuchunguza mbinu mpya za kazi za ofisi. Walirudi na habari za kompyuta. Kampuni ikakichangia Chuo Kikuu cha Cambridge pauni 3,000 kusaidia ujenzi wa kompyuta ya EDSAC, kisha ikajijengea ya kwake, iliyoitwa LEO. Mnamo Novemba 1951 LEO ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate. Wanahistoria wengi huihesabu kuwa kazi ya kwanza ya kudumu ya kibiashara kufanywa na kompyuta duniani.

Kinachonivutia zaidi ni kazi iliyofuata, ya oda za mikahawa. Kila mkahawa ulikuwa na oda yake ya kawaida, na msimamizi wake alipigiwa simu ili ataje mabadiliko tu: leo keki zipungue, mikate iongezwe. Mabadiliko hayo yalitobolewa kwenye kadi, na kompyuta ikatoa maelekezo kwa waokaji, wafungashaji na wapakiaji wa magari. Makao makuu yaliona kila kitu, lakini mfumo ulianza na neno la yule aliyesimama mbele ya wateja.

Biashara ya kompyuta ya Lyons iliunganishwa na ile ya English Electric mwaka 1963, na mwaka 1968 ikaingia katika kampuni mpya ya ICL. Tawi jingine lililounda ICL lilikuwa kampuni ya ICT, na hapa historia hii inafika kwetu, kwani kompyuta ya kwanza nchini Tanzania, iliyosimikwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, ilikuwa ya ICT.

Safari hiyo haikuwa njema. Jaribio la kuhamishia hesabu za Hazina kwenye mtambo mpya zaidi lilishindwa, likameza fedha na kututegemeza kwa wataalamu wa kigeni, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Kumbuka ulikuwa wakati gani: baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashirika ya umma yalikuwa yakiongezeka kwa kasi, na dola yenyewe ikawa kama kundi moja kubwa la makampuni. Daftari likabaki mikononi mwa makarani hali mali ikiongezeka. Ninaielewa hofu ya viongozi wale. Hata hivyo, marufuku haikujibu swali la nani aweze kuona hesabu na kuzihoji. Ililiahirisha tu.

Turudi Uingereza, ambako jibu baya kuliko yote lilitolewa. ICL ilimilikiwa hatimaye na Fujitsu ya Japani. Kampuni hiyo ndiyo iliyotengeneza mfumo wa Horizon, ulioanza kutumika mwaka 1999 kuunganisha hesabu za maelfu ya ofisi za posta. Mfumo ulipoonyesha upungufu, wakala alitakiwa kuufidia kutoka mfukoni mwake, na ndani ya mfumo hakukuwa na njia ya kupinga tarakimu. Mwaka huohuo Bunge lilifuta kifungu kilichomtaka mshtaki athibitishe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika, na baadhi wakajiua. Ni mwaka 2019, katika kesi iliyoongozwa na wakala wa zamani Alan Bates, ndipo Mahakama Kuu ilipotamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro. Mwaka 2024 ilibidi itungwe sheria maalumu ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Msimamizi wa mkahawa wa Lyons na wakala wa posta wote walikuwa katika ncha ya mfumo uliounganishwa. Mmoja alisikilizwa kabla ya kompyuta kukokotoa. Mwingine alishtakiwa baada ya kompyuta kukokotoa. Uimara wa mitambo pekee haueleza tofauti hiyo. Inaelezwa na kanuni zilizowekwa na wenye mamlaka.

Kwetu, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazungumzia ushahidi kwamba mfumo ulikuwa ukifanya kazi ipasavyo. Kinga hiyo ina thamani pale tu mtunza stoo, mhasibu wa wilaya au wakala wa malipo anapojua kwamba anaweza kuidai. Kwa hiyo nawasihi watumishi wa umma wanaoandika mikataba ya mifumo: wekeni ndani yake kifungu kinachompa mtumiaji wa chini haki ya kupinga hesabu kabla ya kukatwa mshahara, na haki ya kuona kumbukumbu za mfumo zinazomtuhumu. Nanyi wanafunzi na wanaharakati, iulizeni mikataba hiyo iko wapi.