Donge la kudonoa

Mfugaji wa Kisii au Nyamira haelezwi jiwe la chumvi ni nini. Hulinunua kwenye agroveti, hulitundika zizini, na ng'ombe hujilambia. Kuku naye ana lake, ila halilambwi. Ni nafaka, mbegu na madini yaliyochanganywa na kitu cha kugandisha kama molasi, yakabanwa na kukaushwa mpaka punje haitoki ila kwa kugongwagongwa kwa mdomo. Wazungu wanaoliuza hulipa jina lenye maana ya kitamutamu, kana kwamba ni peremende, na husema hupunguza uchovu wa kukaa bure bandani. Mimi naona jina linalotufaa ni donge la kudonoa.

Sababu ya kulitafutia jina iko wazi kwa anayeijua Gusii, yaani Kisii na Nyamira. Sensa ya 2019 ilikuta Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, na Nyamira zaidi ya 600. Shamba limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Kuku akivuka ua amekwisha kuingia kwenye mboga za chinsaga za jirani, na kesi iko kwa mzee wa kijiji. Kwa hiyo kuku hufungiwa, hata wale wa kienyeji walioboreshwa na KALRO, taasisi ya Kenya ya utafiti wa kilimo na mifugo, ambao wana nguvu na hamu ya kuzurura.

Akifungiwa, chakula hukiona mbele yake, akala, akamaliza. Siku iliyobaki afanye nini? Mtafiti Marian Dawkins aliripoti mwaka 1989 kwamba kuku-mwitu wekundu, ukoo alikotoka kuku wetu, walidonoa ardhi kwa zaidi ya nusu ya muda wao wa shughuli mchana, ingawa walikuwa wakilishwa. Mapema zaidi, mwaka 1972, Duncan na Hughes walionyesha kuwa kuku hukifanyia kazi chakula hata pale kingine kipo cha bwerere. Kudonoa kwake, basi, si njaa pekee. Pasipo cha kudonoa sakafuni, mdomo huhamia kwenye manyoya ya mwenzake. Damu ikionekana, wengine hujiunga. Wafugaji hukuita kudonoana, na neno hilo lina kila kitu: kitendo ni kilekile, kilichobadilika ni anayetendewa.

Ndiyo maana sikubali istilahi ianzie kwenye uchovu. Vijana wangesema kuku ameboeka, nami sina ugomvi na neno hilo, lakini linatufanya tukisie moyo wa ndege wakati mdomo wake tunauona. "Kitamutamu" nacho kinamhimiza mfugaji aongeze sukari. Na tukilisema jiwe, Mgusii atawaza Tabaka na vinyago vyake vya mawe. Tukilisema tofali, atawaza tanuri. Donge halidai pembe nne, linafinyangwa hata kwenye sufuria kuukuu. Najua watangazaji wa michezo wamelichukua kwa zawadi za fedha, na watu wa pwani huona donge wanapokereka. Hayo hayamsumbui kuku.

Istilahi pana inayolibeba donge hili ndiyo ngumu. Sheria ya Ulaya ya 1999, iliyopiga marufuku vizimba vitupu vya kuku wa mayai kuanzia 2012, ilidai vizimba vyenye kiota, kijiti cha kutulia na mahali pa kudonoa na kuchakura. Ukitafsiri neno kwa neno jina la Kiingereza la nyongeza hizo utapata uboreshaji wa mazingira, na msomaji atadhani tunapanda miti. Ushughulishaji wa mifugo unatosha.

Si lazima donge linunuliwe. Mahindi yaliyopondwa, wimbi, mbegu za alizeti, maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa, unga kidogo na molasi ya kushikanisha, vikiokwa mpaka vikauke kabisa, vinatosha. Molasi ikizidi, kuku huharisha. Donge lisipite sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, kwa kuwa kuku wa mayai anahitaji protini na kalisi ya chakula chake kamili, na aliyefungiwa awekewe changarawe ili firigisi isage punje nzima. Kabeji au fungu la sukuma wiki lililoning'inizwa kwa kamba hufanya kazi ileile, na shina la mgomba lililopasuliwa halina gharama.

Tahadhari kubwa ni mvua, na Gusii haina uhaba wake. Donge likilowa huota kuvu, na kuvu wa mahindi huweza kuleta sumukuvu inayoharibu ini la kuku. Litundikwe ndani, usawa wa shingo ya kuku, mbali na chombo cha maji, na likinuka litupwe. Kuku wakiendelea kudonoana huku donge lipo, kagua utitiri, chumvi na protini ya chakula, kisha hesabu kuku na upime banda. Msongamano hautibiwi kwa donge.