Machozi ya Adili: huzuni katika nchi za Shaaban Robert

Juzi nilikuwa nimeketi barazani Kibokoni, hapa Mji wa Kale, mwanafunzi mmoja wa sekondari akanijia na daftari lake. Alikuwa amesoma Kusadikika, akaorodhesha tashibihi, istiara, takriri na methali zote alizoziona, kurasa nne nzima. Nikamsifu. Lakini yeye hakuwa na furaha. "Mwalimu," akaniuliza, "watu husema Shaaban Robert anasikitisha. Mbona mimi hajaniliza hata mara moja?"

Sikumjibu papo hapo. Swali lenyewe si la mtihani, na majibu ya haraka ni ya mitihani. Leo namjibu hapa ukumbini, maana najua si yeye peke yake.

Tuanze na mtu mwenyewe. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka wa 1909, akafariki mwaka wa 1962, miezi michache tu baada ya Tanganyika kujitawala. Kuanzia 1926 hadi 1944 alikuwa karani wa forodha, kisha akaendelea na kazi nyingine za serikali ya kikoloni. Mtu wa namna hiyo, anayekula mshahara wa wakubwa, hana nafasi pana ya kusema lililo moyoni. Basi akabuni nchi zake mwenyewe. Kusadikika, iliyochapishwa mwaka wa 1951, inaning'inia hewani. Adili na Nduguze, ya mwaka wa 1952, ina majini, mji wa watu waliogeuka mawe, na binadamu waliofanywa manyani. Msomaji wa haraka atasema hizi ni hadithi za watoto. Haya, na tuone.

Watu wengi wakitafuta huzuni vitabuni hutafuta kifo. Si ajabu, ndivyo tulivyolelewa na fasihi yetu. Fumo Liyongo, shujaa asiyepenya chuma, anauawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba kitovuni. Anakwenda kupiga goti kisimani, upinde mkononi, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani yungali hai. Muhammad Kijumwa wa Lamu alikitia kisa hicho katika utenzi mwaka wa 1913, na mpaka leo ukisomwa vizuri watu hunyamaza. Huzuni ya aina hiyo haihitaji kufafanuliwa.

Shaaban Robert naye aliijua huzuni ya kifo, tena kwa karibu. Alipofiwa na mkewe, Amina, alimwombolezea katika shairi lenye jina lake. Hapo alisema waziwazi, mume na mjane. Lakini katika nchi zake za kubuni hakuuweka uchungu wake mkubwa kaburini. Aliuweka mahali pawili ambapo mwanafunzi wangu alipapita mbio akitafuta tashibihi.

Pa kwanza ni katika Kusadikika. Karama anashtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuanzisha mafunzo ya sheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huko nyuma: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alisafiri kwa taabu, akaona mambo mema ya nchi za watu, akarudi kuwaletea wenzake. Na kila mmoja akatiwa gerezani.

Wanafunzi huandika: "maudhui: dhuluma." Ni kweli. Lakini wapi hasa panapouma? Kwangu mimi si mlango wa gereza unapofungwa. Ni pale mjumbe anaporudi. Fikiria mtu aliyekonda kwa safari, moyo umejaa habari njema, anaharakisha ili watu wake wasikose siku hata moja ya heri aliyoiona. Anadhani atapokewa. Sisi tunajua hatapokewa, yeye hajui. Kisha jambo hilo linarudiwa mara ya pili, ya tatu, mpaka ya sita. Mwanafunzi wangu aliandika "takriri" na kuweka alama ya vyema. Lakini urudiaji huo ndio uchungu wenyewe: kila mjumbe mpya anatumaini upya, na sisi tumeshaishiwa na matumaini.

Sisi wa Mombasa hatuna haja ya kwenda hewani kulielewa hili. Mwaka wa 1968 kijana wa mji huu, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi akiuliza Kenya inakwenda wapi. Alifungwa mwaka wa 1969, akatoka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, mengine juu ya karatasi za chooni, yakatoka kwa jina la Sauti ya Dhiki mwaka wa 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kusadikika ilikuwa imetangulia kuchapishwa kwa miaka 18. Shaaban Robert hakuwa mtabiri. Aliijua tu tabia ya wenye nguvu wanapoletewa habari wasizozitaka.

Pa pili ni Adili na Nduguze. Mjumbe wa mfalme Rai, Ikibali, amekwenda kwa liwali Adili kukusanya kodi. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu mpole asiye na mfano, akiwapiga mijeledi manyani wawili. Akimaliza, anawakumbatia na kulia nao, kisha anawalisha. Usiku wa pili, vivyo hivyo. Baadaye tunaambiwa kuwa manyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa husuda, na kwamba jini aliyemwokoa ndiye aliyewageuza na kumwamuru awapige kila usiku.

Kitabu hiki nilimsomea marehemu shangazi yangu, kijana wa miaka 14 mimi, kwenye baraza isiyo mbali na hii. Yeye alisoma Kiarabu chake, herufi za Kizungu hakuzijua. Nilipofika kwa manyani akanikatiza: "Mbona manyani? Mimi nambiwa ni mbwa." Nilimwona amekosea. Miaka mingi baadaye nikagundua kuwa shangazi alisema kweli. Kisa hicho kina asili yake katika Alfu Lela Ulela, na humo ndugu ni mbwa. Humo pia wanarudia uovu wao na mwisho wanauawa. Shaaban Robert hakutaka hivyo. Kwake Rai anawaombea, nao wanarudi kuwa watu.

Kulikuwa na jambo jingine. Kila niliposoma "machozi", shangazi alinirekebisha kwa upole: "matozi." Niliposoma "macho", yeye "mato". Mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika hapahapa Mombasa uliamua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kimvita, lugha ya Muyaka bin Haji, kikawekwa kando. Mji huu ulibaki na kinyongo, na wazee wengi hawakuvipenda "vitabu vya sanifu". Lakini Adili alipolia na nduguze, shangazi aliacha kunirekebisha. Alifuta uso kwa upindo wa leso, akasema, "Maskini, yuwapiga na yuwapenda."

Sijasoma uhakiki ulionieleza kitabu hicho vizuri zaidi. Uchungu wa Adili ni kwamba hana adui. Anaowaadhibu ndio anaowahurumia, na kuwahurumia kwake hakumwondolei mjeledi mkononi. Mzazi aliyewahi kumfungia mwanawe mlango anaijua hali hiyo. Ndugu waliofikishana kortini kwa sababu ya nyumba ya urithi, nao wamo humu mjini, wanaijua.

Basi jibu langu kwa kijana ni hili. Hakulia kwa sababu tulimfunza kuhesabu kabla ya kumfunza kusikiliza. Tamathali ni muhimu, na mtihani upo, sikatai. Lakini vitabu hivi viliandikwa na mtu aliyetoka katika watu wa "paukwa, pakawa". Vinataka sauti, na vinataka msikilizaji.

Nimemwambia aweke daftari kando usiku mmoja, amsomee nyanyake sura ya Ikibali na Adili kwa sauti. Amesema nyanyake atamkatiza kila mstari. Nimemjibu kuwa akikatizwa asikasirike, bali aangalie ni wapi atakapoacha kukatizwa.